Breki zinanuka nikishuka Marangu

*Nikishuka kutoka Marangu hadi Himo, breki hunuka kuungua na pedeli huzama. Fundi alibadilisha pedi, tatizo limerudi. Nifanyeje? – Dereva, Moshi*

Harufu hiyo ni ya pedi zilizopata moto kwa kukanyagwa mteremko mzima. Pedeli kuzama ndiko kwa kuogopa zaidi: mafuta ya breki hunyonya unyevu, yakipata joto kali yanachemka na kutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedi mpya haziponyi hilo. Fundi amwage mafuta yote ya breki, aweke mapya na kutoa upepo. Kwa kawaida hubadilishwa kila miaka 2.

Ukishuka, ingiza gia ndogo mapema. Kuliachia gari bila gia eti unaokoa mafuta ni kujitafutia ajali. Pedeli ikizama tena, usiendeshe. Livutwe hadi gereji.