Gari la kupelekea oda likigongwa: usianze na rangi, anza na hesabu

Leo sizungumzii picha za bidhaa wala matangazo. Nazungumzia gari unalopelekea mizigo, na siku litakapopigwa pasi. Somo hili nililipia pesa yangu, wewe lisome bure.

Nina duka dogo la vyombo vya nyumbani hapa Kiseke, Ilemela. Wateja wengi nawapata mtandaoni. IST yangu ndiyo inapeleka oda Pasiansi, Nyasaka, Buswelu, mpaka stendi ya Nyamhongolo kwa mizigo ya Musoma. Gari ikisimama, nusu ya duka imesimama.

Mwaka jana niko kwenye foleni ya Buzuruga, simu ikaita. Mteja anauliza nimefika wapi. Nikaichungulia sekunde mbili tu. Kuinua macho, gari ya mbele imeshasimama, nikaigonga nyuma. Kosa langu, sina wa kumsingizia. Mteja angesubiri dakika tano asingekufa.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mwenzangu bampa ilichubuka. Kwangu bampa ilipasuka, kishikio cha taa kikakatika, fenda ikabonyea na boneti ikawa haifungi vizuri.

HAPA NDIPO NILIPOKOSEA

Nilikuwa na bima ndogo. Hiyo inalipa hasara ya yule uliyemgonga, gari yako hailipi. Kwa hiyo matengenezo yangu ni mfukoni mwangu. Nikaulizia gereji mbili. Ya kwanza ikasema Sh 280,000, siku tatu. Ya pili ikasema Sh 390,000, siku nne, na kwamba lazima wafungue bampa kwanza waone ndani. Nikaona hawa wa pili wananipiga. Nikaenda kwa bei rahisi.

Siku tatu zikawa 11. Leo umeme hakuna, kesho rangi haijakauka, keshokutwa fundi kasafiri. Sasa cheki hesabu yangu ya kila siku gari ikiwa imelala:

- Bodaboda za kupeleka oda 4: Sh 20,000
- Faida ya oda 2 zilizoghairiwa: Sh 16,000
- Toa mafuta ambayo sikuweka: Sh 10,000
- Hasara ya siku: Sh 26,000

Zidisha mara 11, unapata Sh 286,000. Yaani kusimama kulinigharimu kuliko fundi mwenyewe! Jumla Sh 566,000. Yule wa Sh 390,000 kwa siku nne ingekuwa Sh 494,000. Rahisi ikawa ghali.

Na haikuishia hapo. Wiki ya pili, napandisha kwenda Buswelu na mzigo, taa ya joto ikawaka. Kumbe fremu inayoshika rejeta ilisukumwa nyuma siku ile ya ajali, rejeta ikapata ufa mdogo. Hakuna aliyefungua bampa kuangalia. Walinyoosha kinachoonekana, wakapaka rangi, nikapiga picha nikafurahi. Gari inang'aa nje, ndani inavuja.

GAWA UHARIBIFU MAFUNGU MATATU

Siku hizi kabla sijaongea bei na fundi nachukua karatasi, naandika kila kilichoharibika, kisha nakigawa.

1. Kinachoweza kuua. Taa isiyowaka au inayomulika pembeni, boneti isiyojifunga (inaweza kufunguka ukiwa kwenye mwendo ikakuziba kioo), tairi inayosugua fenda, usukani unaovuta upande mmoja, rejeta inayovuja, taa ya eabegi kubaki inawaka kwenye dashibodi. Hapa hakuna kusubiri. Gari haipeleki oda mpaka ipone.

2. Kitakachooza. Popote rangi imetoka mpaka bati linaonekana. Sisi tuko kando ya ziwa, unyevu upo, na mvua zikianza kutu haikusubiri upate hela. Kama huna pesa ya kunyoosha sasa hivi, safisha pale, sugua kwa msasa, paka praima. Kazi ndogo, inakununulia muda.

3. Kinachoudhi macho tu. Mchubuko wa bampa, kibonyeo ambacho rangi yake haijakatika. Bampa ya IST ni plastiki, haioti kutu. Hiki kinaweza kusubiri mwezi wenye biashara ndogo. Mteja anataka sufuria yake ifike salama, hakagui bampa yako.

Mimi nilianza na fungu la tatu. Ndiyo kosa langu kubwa.

KUNYOOSHA AU KUBADILISHA?

Bampa iliyobonyea bila kupasuka, jaribu kwanza maji ya moto. Plastiki ikilainika unaisukuma kwa ndani, mara nyingi inarudi. Iliyopasuka kidogo inachomelewa kwa joto. Lakini kama vishikio vyake vimekatika vyote, tafuta nyingine ya mtumba. Kuichomelea kila baada ya miezi miwili ni hasara.

Fenda imefungwa kwa bolti, inatoka yote. Kwa hiyo linganisha: bei ya kunyoosha pamoja na rangi, na bei ya fenda ya mtumba pamoja na nauli ya kuisafirisha. Kama huku Mwanza hakuna, watu wanaagiza Ilala, Dar, inakuja na basi. Ukibahatika kupata ya rangi yako, umekwepa kazi ya rangi. Kwenye makubaliano uliza na siku, usiulize bei tu.

Kuhusu rangi, usikubali fundi akisie kwa macho. Kwenye Toyota kuna kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza ndiyo rangi. Mfano 040 ni nyeupe, 1F7 ni silva. Piga picha, mpe fundi. Hata hivyo gari iliyopigwa jua miaka mingi imepauka, mwambie ajaribu kwanza sehemu ndogo.

MANENO YA KUMWAMBIA FUNDI

- "Fungua bampa tuone ndani kabla hujanipa bei."
- "Andika kazi zote, bei na siku ya kukabidhi."
- "Nalipa nusu sasa, nusu nikikagua."
- "Nyoosha bati kwanza, puti iwe nyembamba." Puti nene inapasuka baadaye. Siku ya kuchukua gari nenda na sumaku ndogo. Ikishika mlangoni lakini kwenye fenda ya bati inadondoka, ujue umepakiwa puti.

Usiku egesha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta, washa taa. Mwanga wa kulia na kushoto uwe kimo kimoja.

KABLA YA YOTE, PALEPALE BARABARANI

Piga picha magari yote mawili na namba zake. Kama kuna mtu ameumia, hata kidogo, msimalizane wenyewe, ita trafiki. Ukitaka bima ilipe, ripoti ya polisi itahitajika na kampuni ijulishwe mapema. Mwenye bima kubwa naye auulizie kwanza kile kiasi anachobeba mwenyewe. Kama hasara ni ndogo kuliko hicho kiasi, kudai hakumpi kitu.

Kazi yako ya leo: andika gari yako (au bodaboda yako) ikisimama siku moja unapoteza shilingi ngapi. Iweke hiyo namba kwenye simu. Siku fundi akikwambia "nitakufanyia rahisi, acha tu gari hapa", utajua rahisi hiyo ni ya nani.

Na simu ikiita ukiwa kwenye usukani, iache iite.