KITAMBULISHO NA HATI ZINAZOKITANGULIA

Kila raia wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 18 yampasa kuandikishwa na kupewa kitambulisho. Asiye nacho hupata taabu nyingi: kuandikishwa apige kura, kufungua hesabu katika benki, kupata laini ya simu kwa jina lake, na hata kuajiriwa. Walakini wengi hufika ofisini wakarudishwa makwao, si kwa sababu hawana haki, bali kwa sababu hati walizochukua hazikutosha au hazikupatana.

Wazee wakumbuka habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa kila rangi, na mwaka 1978 sheria ikabadilishwa ili wanawake nao waandikishwe. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba jambo hili ni la wana wa kiume tu. Binti naye apelekwe mara atimizapo umri.

ANAYEOMBA MARA YA KWANZA

Mwombaji huenda mwenyewe katika ofisi ya uandikishaji wa watu, kwa maana alama za vidole vyake na picha yake haziwezi kuchukuliwa kwa niaba yake. Achukue hati hizi, pamoja na nakala zake:

1. Cheti cha kuzaliwa.
2. Vitambulisho vya wazazi. Ikiwa mzazi amefariki, cheti cha kifo chake.
3. Cheti cha kumaliza shule, ikiwa alisoma.
4. Barua ya Chifu au naibu wake, kuthibitisha kwamba mwombaji ajulikana mahali pale.

Ikiwa umri wake hauna ushahidi, huenda akatakiwa kwenda kwa daktari wa serikali ili ukadiriwe. Katika kaunti za mipakani, waombaji walikuwa wakihojiwa zaidi ya wenzao mbele ya kamati. Mwaka 2025 Rais alitangaza kwamba mahojiano hayo ya ziada yakomeshwe. Lakini hati bado zatakiwa huko kama kwingineko.

MAJINA YAPATANE

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme cheti cha kuzaliwa chasema Yohana, na cheti cha shule chasema John. Mwenyewe aona ni jina moja, lakini karani hana ruhusa ya kukisia, maana kazi yake ni kufuata maandishi. Basi kabla ya kufunga safari, mwombaji aweke hati zake zote mezani, asome jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, herufi kwa herufi. Penye tofauti, atafute kwanza kusahihishiwa na waliotoa hati ile. Asithubutu kuifuta au kuiandika upya kwa mkono wake, wala kutoa habari za uongo, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai.

ALIYEPOTEWA NA KITAMBULISHO

Aende polisi upesi atoe habari, apewe hati ya kuthibitisha kwamba ameripoti. Hati hiyo humsaidia kupata kitambulisho kingine, tena humlinda endapo mwizi atakitumia kwa hila. Kisha aende ofisi ya uandikishaji akiwa na nambari ya kitambulisho kilichopotea, au nakala yake. Kwa hiyo ni busara kila mtu aandike nambari yake mahali pa salama nyumbani. Kitambulisho kilichoharibika hurudishwa ofisini, nacho cha mtu mwingine kilichookotwa kipelekwe kwa Chifu au polisi.

Ada hubadilishwa mara kwa mara. Yafaa kuuliza ofisini kabla ya kulipa, kudai stakabadhi, na kumkataa yeyote anayejitolea njiani kuharakisha kazi kwa malipo.

KAZI YA WAZAZI

Kitambulisho cha kijana huanza siku anapozaliwa. Mtoto akizaliwa hospitali, habari zake hupokelewa huko. Akizaliwa nyumbani, mzazi apeleke habari kwa naibu wa Chifu. Kuzaliwa kuandikishwe kabla ya miezi sita kupita, kwani baadaye hutakiwa ushahidi zaidi, na mkunga na majirani walioshuhudia huenda wamehama au wamefariki. Karatasi hiyo moja ikitunzwa mbali na mvua, moto na mchwa, miaka 18 baadaye itamwondolea mtoto safari nyingi za bure. Akiba haiozi.