Mchezo wa Safari za Anga

Tangu mwaka 1949 hata 1955, watoto wa Marekani walitazama katika televisheni mchezo wa Captain Video, mkuu wa safari za anga. Vyombo vyake vingi vilikuwa vya karatasi ngumu tu. Wachezaji walicheza huko New York, na saa ile ile watoto waliwaona nyumbani kwao. Mchezaji akisahau maneno, wote walijua, wala hakuweza kurudia: maji yakimwagika hayazoleki. Basi iliwapasa kujifunza vema kwanza, kama ninyi kabla ya mchezo wa Noeli.

Mwezi wa Julai 1969 watu wawili walitembea mwezini kweli, na televisheni ikawaonyesha saa ile ile. Nao walikuwa wamejizoeza siku nyingi.

Maswali
1. Vyombo vya Captain Video vilikuwa vya nini?
2. Kwa nini mchezaji hakuweza kurudia?