Figo zinapouma, tazama macho ya mbwa wako

Msomaji wangu wa Arusha ameniandikia akiwa na hofu. Mbwa wake Simba ana miaka 11, na daktari alishamwambia figo zimechoka. Juzi jicho la kushoto limekuwa jekundu, na jana Simba ameanza kujigonga kwenye miguu ya meza. Jirani kasema hiyo ni presha, akamletea dawa ya macho aliyobakiza mama yake. "Dada, nimtie?"

Usimtie, mdogo wangu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usisubiri Jumamosi.

Jirani hakukosea kutaja presha, ila zipo mbili, na kila moja ina kipimo chake na dawa yake. Kwanza presha ya damu. Figo zikiharibika hushindwa kusawazisha maji na chumvi, tena huchochea homoni zinazobana mishipa. Damu inakwenda kwa nguvu kupita kiasi, na vimishipa vya nyuma ya jicho huvuja au kupasuka. Retina ikibanduka, mbwa aliyelala anaona anaweza kuamka kipofu. Ya pili ni glakoma, presha ya ndani ya jicho lenyewe: maji ya jicho yanaendelea kutengenezwa huku njia ya kutokea imeziba. Jicho huvimba, huwa na ukungu, na linauma sana hata kama mbwa halii. Sasa, damu iliyovuja ndani ya jicho ikiziba njia ile, tatizo la kwanza linazaa la pili. Ndiyo maana nakuomba udai vipimo vyote viwili siku hiyohiyo.

Ya damu, namba ya juu ikiwa chini ya 140 shusha pumzi. Kuanzia 160 ni presha kweli, na 180 kwenda juu inatishia macho, ubongo, moyo na hizo figo zenyewe. Ya jicho kwa kawaida huwa kati ya 10 na 25 hivi. Ikipanda sana, uwezo wa kuona unaweza kupotea moja kwa moja ndani ya saa chache au siku chache.

Kwenye kupima presha ya damu, tafadhali uwe king'ang'anizi. Mbwa anayetetemeka mezani presha yake hupanda kwa woga tu. Omba mkae naye pembeni, pasipo kelele, dakika 5 hadi 10, umpapase shingoni. Mkanda unavishwa mguu wa mbele au mkiani, na lazima ulingane na unene wa hapo. Ukiwa mdogo namba inapanda ya uongo. Kipimo cha kwanza huachwa, kisha vingine kadhaa hujumlishwa na kutafutiwa wastani. Akipima mara moja akakuandikia dawa, mwombe kwa heshima arudie.

Kama bado unajiuliza anaona au haoni, dondosha kipande cha pamba mbele ya uso wake. Pamba haina kishindo. Anayeona atakifuata kwa macho.

Nimekukataza ile dawa ya jirani kwa sababu hii: matone yenye atropini huweza kuongeza presha ya jicho, na yenye deksamethasoni huharibu zaidi jicho lenye kidonda. Wala usimkatie Simba kidonge cha presha cha binadamu, kama amlodipini. Madaktari wa mifugo hutumia dawa hiyohiyo, lakini kwa uzito wa mbwa, na mara nyingi huiambatanisha na nyingine kama benazeprili ili figo zisilemewe. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo mbaya kabisa, zinaua figo zilizobaki.

Mwambie daktari pia kama Simba amewahi kuwa na kupe wengi. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza Ehrlichia, vijidudu vinavyoweza kuharibu figo na kuvujisha damu machoni, na vina dawa yake. Mkojo nao upimwe protini; beba kidogo kwenye kichupa safi.

Presha ya damu ikishushwa mapema, retina iliyobanduka wakati mwingine hurudi mahali pake na mbwa akaona tena. Asipoona, usihamishe makochi wala bakuli lake la maji, atajifunza njia kwa pua na masikio. Na akianzishiwa dawa, usitoke pale kabla hujapewa tarehe ya kurudi kupima presha, kwa sababu dozi ya kwanza mara nyingi hurekebishwa.