Ukishtakiwa Kanada kwa Kumnyanyasa Mwenzako, Usitume Wazee

Ndoa ikiingia ufa, kwetu hutumwa watu. Mzee wa ukoo, mchungaji au imamu, shangazi wa upande wa mke, wote huenda kuketi na wahusika mpaka maneno yaishe. Desturi hiyo imeokoa ndoa nyingi kuanzia Bukavu hadi Mombasa, nami naiheshimu. Lakini nchini Kanada, mtu aliyekwisha kushtakiwa kwa kumnyanyasa mwenzake akituma mzee anaweza kukamatwa siku hiyohiyo kwa kosa jipya, hata kama shtaka la kwanza lilikuwa dhaifu. Hapo ndipo ndugu zetu wengi wanapoweza kuumia bila kujua kosa lao.

Shtaka lenyewe liko katika kifungu cha 264 cha Kanuni ya Jinai ya Kanada, na namba hiyo utaiona kwenye karatasi utakayopewa. Kifungu kiliingizwa mwaka 1993, hasa kwa ajili ya kuwalinda wanawake waliokuwa wakiandamwa na wanaume walioachana nao. Kinakataza kumfuatafuata mtu, kuwasiliana naye mara kwa mara iwe mwenyewe au kupitia wengine, kuvizia nyumbani au kazini kwake, na kumtendea yeye au mtu wa familia yake jambo la kutisha. Usidhani "mara kwa mara" ni lazima ziwe simu hamsini. Mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ya Ontario ilikubali kwamba hata barua mbili, zilizopishana kwa zaidi ya mwaka, zinaweza kutosha kutokana na mazingira yake. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 10.

Mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha mambo kadhaa, tena bila kuacha shaka ya maana. Athibitishe kwamba ulifanya kitendo hicho bila idhini ya sheria. Kwamba mlalamikaji alisumbuka. Kwamba ulijua anasumbuka, au uliona dalili ukapuuza. Kwamba aliogopea usalama wake au wa mtu anayemjua. Na kwamba hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa mtu aliye katika hali yake. Usalama huo ni pamoja na utulivu wa akili. Kwa hiyo kusema "nilikuwa naomba turudiane tu" si utetezi. Mtu aliyekwambia waziwazi usimpigie tena, ukaendelea kumpigia kwa mapenzi yote, bado anaweza kuwa ameogopa kwa haki. Nawe dada unayesoma haya huku kuna anayekusubiri kila jioni kwenye kituo cha basi: sheria hii ni yako. Tunza ujumbe wake wote na uwapigie polisi. Huhitaji kusubiri mpaka akuguse.

Sasa turudi kwa aliyekamatwa. Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kifungu cha 10, unawataka polisi wakueleze sababu ya kukukamata na wakuruhusu kuongea na wakili bila kuchelewa. Usipokuwa na wakili, sema unataka wakili wa zamu. Simu hiyo ni bure, na utaongea naye faraghani. Wengi wetu tumelelewa na filamu za Marekani tukiamini wakili ataketi kando yetu wakati wa mahojiano. Kanada sivyo. Mwaka 2010, katika kesi ya Sinclair, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo haipo, na afisa anaweza kuendelea kuuliza hata baada ya wewe kusema hutaki kujibu. Jina na anwani toa. Mengine yote jibu kwamba utafuata ushauri wa wakili, na rudia hivyo hata akikuuliza kwa upole kama kaka. Kwetu kumnyamazia mkubwa ni utovu wa adabu, lakini ndani ya chumba kile kunyamaza ni haki yako na hakuhesabiwi kuwa ni kukiri.

Mara nyingi utaachiliwa kwa kutia saini ahadi ya maandishi yenye masharti. Omba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla ya kusaini. Sharti kubwa kwa kawaida ni kutowasiliana na mlalamikaji, "moja kwa moja au kwa njia nyingine yoyote", na hiyo njia nyingine ndiyo mzee, ndiyo mchungaji, ndiyo salamu kupitia shemeji. Hata "status" ya WhatsApp yenye mafumbo yanayomlenga inaweza kuletwa mahakamani. Akikupigia yeye mwenyewe, usipokee, kwa kuwa aliyefungwa na ahadi ni wewe. Hawezi kuifuta, wala hawezi kuifuta kesi, maana mashtaka ni ya serikali. Anaweza tu kumweleza mwendesha mashtaka msimamo wake. Kuvunja sharti ni kosa la pekee lenye adhabu ya hadi miaka 2, na safari hiyo wewe ndiye utakayetakiwa kuieleza mahakama kwa nini uachiliwe. Kama kuna watoto, wakili aombe masharti yabadilishwe ili muwe na njia iliyoidhinishwa ya kuwaona. Wazee nao wana kazi: wamshike mkono mshtakiwa, wampe pa kulala, wamzuie asiende kubisha mlango ule.

Usifute ujumbe wowote kwenye simu yako, hata unaokuaibisha. Mpe wakili yote, maana huenda mazungumzo kamili yakaonyesha kwamba mlikuwa mkipanga ada za shule, na vipande vilivyopelekwa polisi vikapata sura nyingine. Tangu kesi ya Stinchcombe ya mwaka 1991, upande wa mashtaka unalazimika kukupa ushahidi husika ulio nao. Usikubali lolote kabla wakili hajausoma. Mkalimani mahakamani ni haki yako pia, na kama Kiswahili chake na chako cha Uvira havielewani, mwambie hakimu palepale.

Mara nyingine mwendesha mashtaka huondoa shtaka iwapo utakubali amri ya kutunza amani, yenye masharti kwa kawaida ya hadi miezi 12. Hiyo si hukumu ya kosa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa asiye raia. Kwa kuwa adhabu ya juu ya kifungu cha 264 inafika miaka 10, sheria ya uhamiaji huhesabu hukumu yake kuwa jinai nzito, na mkaazi wa kudumu anaweza kuamriwa kuondoka nchini hata kama hakulala jela usiku mmoja. Hakimu ana uwezo wa kukuachilia kwa msamaha wa mahakama usiohesabiwa kuwa hukumu, lakini wakili lazima auombe. Kwa hiyo kabla ya kusema "nakubali kosa" ili yaishe urudi kazini Jumatatu, mwulize wakili wako kibali chako cha ukaazi kitakuwaje. Asipokuwa na jibu, aombe kesi iahirishwe mpaka aongee na wakili wa uhamiaji.