Ukuta wa Kuzuia Udongo Usomwe Pamoja na Ardhi Yake

Mtu anayechimba mteremko ili apate uwanja wa kujengea nyumba huwa ameuondolea udongo wa juu egemeo lake. Udongo huo hauna budi kuteremka mpaka upate mlalo unaoufaa, la sivyo uzuiwe. Huko Mwanza na Lushoto, na popote watu wanapojenga vilimani, kuta za kuzuia udongo ni jambo la kawaida. Ukuta wa namna hii ukianguka huanguka upande wa chini, na upande wa chini mara nyingi kuna nyumba ya jirani. Katika makala haya tutachunguza kwa nini ukuta uliosimama salama wakati wa kiangazi huweza kuanguka kwa mvua za siku chache.

Tuanze na jaribio ambalo mwalimu aweza kulifanya darasani. Mimina mchanga mkavu polepole juu ya meza. Utajijenga kama pia, na ubavu wa pia hiyo utafanya pembe ya kiasi cha digrii 30 hadi 35 na meza. Ukiongeza mchanga, pia itakua lakini pembe haitabadilika. Kinachoushikilia mchanga ni msuguano baina ya chembe zake, na ukuta hauna kazi nyingine ila kubeba kile ambacho msuguano huo haukuweza kukibeba. Charles-Augustin de Coulomb, ambaye wanafunzi wanamfahamu kwa kanuni yake ya chaji za umeme, alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na maandiko yake juu ya msukumo wa udongo yalichapishwa mwaka 1776, kabla ya yale ya umeme.

Tuseme ukuta una kimo cha meta 3, na nyuma yake pamejazwa mchanga mkavu wenye uzito wa kilonyutoni 18 kwa kila meta ya ujazo. Kanieneo ya mchanga huongezeka kadiri tunavyoshuka, kama kanieneo ya maji ndani ya pipa. Lakini kwa mchanga wenye pembe ya msuguano ya digrii 30, theluthi moja tu ya kanieneo ya wima ndiyo inayousukuma ukuta. Basi kitakoni kanieneo ni 18 × 3 ÷ 3, yaani kilonyutoni 18 kwa meta ya mraba. Kileleni ni sifuri, na wastani ni 9. Tukizidisha wastani huo kwa kimo tunapata kani ya kilonyutoni 27 kwa kila meta moja ya urefu wa ukuta. Kani hiyo hufanya kazi kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, yaani meta 1, kwa hiyo momenti yake ya kuupindua ukuta ni 27.

Ukuta wenyewe ni wa mawe na saruji, unene wake meta 1.2, na uzito wa mawe hayo ni kilonyutoni 22 kwa meta ya ujazo. Uzito wote ni 3 × 1.2 × 22 = 79.2. Momenti yake kwenye ukingo wa mbele wa kitako ni 79.2 × 0.6, karibu 47.5. Msuguano wa kitako, tukichukua nusu ya uzito, ni 39.6. Wahandisi hupenda ziada kubwa kuliko hii, lakini ukuta utasimama.

Sasa mvua inanyesha, na maji yanajaa nyuma ya ukuta mpaka juu. Kwa kanuni ya Archimedes mchanga uliozama hupungua uzito, na tuchukue kuwa umebaki kilonyutoni 10 kwa meta ya ujazo. Kani ya mchanga itashuka hadi 15. Lakini maji hayana msuguano wa chembe, nayo husukuma kwa kanieneo yake yote. Kitakoni ni 30, wastani ni 15, na kani ni 45. Jumla ni 60, na momenti ya kupindua ni 60 vilevile. Ukuta hauwezi kuhimili.

Mafundi wengi hudhani dawa ni kuongeza mawe. Haya, tuongeze unene hadi meta 1.5. Uzito unakuwa 99, na msuguano wa kitako 49.5, ambao bado ni mdogo kuliko 60. Ukuta hautapinduka, bali utateleza. Robo nzima ya mawe imeongezwa bure, wakati ambapo tabaka la kokoto nyuma ya ukuta, pamoja na matundu ya kutolea maji yaliyopangwa karibu na kitako, yangetuondolea ile 45 yote. Kokoto hizo zitenganishwe na udongo kwa tabaka la mchanga wa chembe kubwa, ili matope yasizibe matundu.

Lakini hesabu hii ni ya mchanga, na si kila ardhi ni mchanga. Udongo mwekundu wa Usambara, ukichimbwa wakati wa kiangazi, husimama wima wenyewe kama uliokatwa kwa kisu, kwa sababu chembe zake hushikamana. Hapo ndipo wajenzi hudanganyika wakajenga ukuta mwembamba, kwani mshikamano huo hupungua sana udongo unaposhiba maji.

Udongo mweusi wa mbuga ni hatari zaidi. Huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka, hivyo haufai kabisa kujazwa nyuma ya ukuta. Msingi ukipita juu yake, afadhali vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, maana hivyo hujipinda pasipo kuvunjika na maji hupita kati ya mawe. Mwanza shida ni nyingine. Mwamba wa granaiti ni mgumu kupita zege, lakini uso wake mara nyingi umeinama, na ukuta uliowekwa juu yake bila kuuchonga ngazi huteleza kama mguu juu ya jiwe lenye maji. Pwani mchanga hupitisha maji vizuri, lakini maji yanayotiririka huuchota chini ya msingi.

Tena kuna miteremko ambayo ukuta hauifai. Tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipoushukia mji wa Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walifariki. Ukuta wa uwanja wa nyumba si kinga ya jambo kama hilo. Hapo swali ni mahali pa kujenga.

Zoezi: Rudia hesabu ya mchanga mkavu kwa ukuta wa kimo cha meta 1.5, uone kani inakuwa sehemu gani ya ile 27. Kisha eleza kwa nini kuta mbili fupi, moja juu ya nyingine kama matuta ya shamba, huhitaji mawe machache kuliko ukuta mmoja mrefu, na kwa nini ule wa juu haupasi kukaribiana mno na wa chini.