Macho Wazi, Akili Mbali: Jinsi ya Kuvuka Tsavo Salama

Ukishapita Mtito Andei kuelekea Mombasa, barabara inanyooka, tuta la reli ya SGR linakufuata kando, na vichaka vya Tsavo ni vilevile hadi unapokaribia Voi. Hapo ndipo hata dereva aliyelala vizuri anapoweza kujikuta Manyani bila kukumbuka alivyouvuka Mto Tsavo.

Huo ni uchovu wa akili. Haulingani na usingizi, ingawa huutangulia. Akili ikikosa jambo jipya la kushughulikia hulegea: mikono iko kwenye usukani, macho yako wazi, lakini kinachotokea mbele kinachelewa kukufikia. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hula karibu mita 28 kila sekunde. Zubaa sekunde 3 tu, na matawi ambayo utingo wa lori bovu ameyatandaza kukuonya yatakuwa yamekwisha kupita chini ya magurudumu yako.

Usingoje miayo. Tazama mwendo wako: ukiona umeshuka hadi 70, ukapanda 95, ukashuka tena bila sababu, akili imeanza kuondoka. Tairi likigusa ukingo wa lami mara mbili, au ukigundua umelifuata lori moja muda mrefu ilhali nafasi ya kulipita ilikuwepo, tafuta pa kusimama. Kope zikishakuwa nzito umechelewa.

Kinga kubwa iko kwenye saa ya kuondoka. Mwili hupoa wenyewe kati ya saa nane na saa kumi mchana, na tena kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri. Anayetoka Nairobi saa tatu asubuhi, akasukumana na malori, akala ugali wa kushiba na nyama pale Mtito, anaingia Tsavo saa ileile mwili wake unapodai kulala. Toka saa kumi na mbili asubuhi, lakini lala mapema usiku wa kuamkia safari. Chakula kizito kiache hadi ufike.

Simama kila baada ya saa mbili hivi, hata kama hujachoka. Makindu panafaa sana: hekalu la Wasikh hukaribisha msafiri yeyote kwa chakula bila malipo, na kuna mahali pa kunyoosha miguu. Mbele ya Voi, wengi hupumzika kwenye msikiti wa Mackinnon Road. Shuka garini. Zunguka, gusa matairi, kagua kamba za mzigo. Akili inataka kazi tofauti, na kukaa kitini ukisoma simu hakuipi.

Ukishaanza kusinzia, dirisha wazi na muziki wa juu havitakuokoa. Vinakuchangamsha dakika chache tu. Miraa nayo humfanya dereva akeshe bila kumpa mapumziko, na nguvu yake ikiisha uchovu wote unarudi. Kinachosaidia ni kulala. Ingia kituo cha mafuta chenye watu, funga milango, kunywa kahawa, kisha tega kengele ya dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka inapoanza kukusaidia. Ukiamka usikimbilie ufunguo. Nawa uso, tembea kidogo hadi kizunguzungu cha usingizi kiishe.

Abiria wa mbele asilale. Mpe kazi: akuulize maswali yanayotaka majibu, akutajie anachokiona mbele. Mazungumzo ya simu si badala yake, kwa sababu aliye kando yako huona lori linapokaribia na hunyamaza, ila aliye kwenye simu anaendelea tu.

Kwa madereva wa mizigo na abiria, Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Wenye magari wanaijua, na bado wapo wanaopiga simu kila saa kuuliza umefika wapi. Simu hizo zinaua. Usizijibu ukiwa usukanini, na usione haya kuandika ukiwa umesimama: “Bosi, nimeegesha Voi, nalala kidogo. Nitakupigia nikiamka.” Kisha zima mlio wa simu, uache kengele tu.